Tuta la Kilomita ya Kumi na Nne

Jilala alikuwa mtu wa kuamini karatasi. Ni jambo la kushangaza kidogo kwa mtu aliyeacha shule darasa la nne ili akachunge ng'ombe wa mjomba wake, lakini labda ndiyo sababu yenyewe. Tuliosoma sana tunaijua karatasi. Tumeshafungia nayo karanga. Jilala aliiheshimu kama watu wengine wanavyomheshimu mkwe.

Miaka ishirini na miwili aliitumikia reli upande wa kaskazini wa Shinyanga, kwanza kama kibarua wa kubeba mataruma ya kulalia reli, mwisho kama mnyapara wa genge la watu tisa. Kila asubuhi alikitembea kipande chake akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga chuma na kusikiliza. Reli iliyokaza ilimjibu kwa mlio wa kengele. Iliyolegea ilimjibu kama mlevi aliyeamshwa. Kasoro ndogo genge liliitengeneza papo hapo. Kasoro kubwa, za wakubwa, Jilala aliziandikia taarifa kwa mwandiko wa kuchonga, karatasi ya kaboni katikati, nakala ya juu kwa Donatus, karani wa stesheni, na ya chini ikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Akishapeleka, alikuwa amemaliza. Alirudi nyumbani amekuwa mwepesi, akala, akalala.

Mwaka 1979, mwaka ambao vita vya Amin vilikuwa vimechukua malori, dizeli, sabuni na hata wino wa mihuri, mvua za Machi zilinyesha kana kwamba mbinguni nako bomba limepasuka na fundi hayupo. Kilomita ya kumi na nne reli inapita juu ya tuta la udongo, na chini ya tuta kuna kalavati la kupitishia maji. Maji yaliona kalavati ni dogo, yakajichimbia njia yao pembeni, taratibu, kutoka chini. Juu hakukuwa na dalili. Kokoto zilikuwa sawa, mataruma sawa, reli imenyooka kama uzi wa fundi. Lakini Jilala alipogonga, mlio ulikuja na kitu ndani yake, kama mtungi usio na maji.

Akaandika. Hakuna aliyekuja. Akaandika tena. Akaandika mara ya tatu na kupiga mstari chini ya neno hatari, mstari mmoja tu, maana miwili ingekuwa utovu wa adabu.

Katika mfuko wake wa turubai alikuwa na bendera nyekundu. Kanuni ilimruhusu mnyapara kuichomeka katikati ya njia na kusimamisha kila kitu, hata treni ya waziri. Lakini mwaka uliotangulia mnyapara mmoja wa upande wa Tabora alichomeka yake, treni ikachelewa saa sita, na yule bwana akatumia miezi mitano akijieleza kwa maandishi kwa nini anahujumu uchumi. Tangu hapo bendera nyekundu zilikaa ndani ya mifuko, zimekunjwa vizuri kama nguo za Krismasi.

Alhamisi ile asubuhi Marselino alikuwa aende na kiberenge, kile kigari cha injini cha genge, kuchukua parafujo kwenye kambi ya pili. Marselino alikuwa kijana wa Ushirombo, Mkatoliki wa kufa na kupona, na genge zima lilimwita Katekista kwa sababu hakuweza kunywa hata maji bila kufanya ishara ya msalaba. Jilala alimwambia akifika kumi na nne apite taratibu.

"Mzee, jana tuta limebeba treni ya pamba nzima," Marselino akasema, huku akivuta kamba ya injini. "Litashindwa kunibeba mimi na koleo?"

Jilala akacheka. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko yote: kwamba alicheka.

Kiberenge kilikutwa ndani ya maji, magurudumu juu. Marselino alikutwa kesho yake, mita mia mbili mbele, kwenye mkonge. Reli zenyewe zilikuwa bado zinaning'inia hewani juu ya shimo, zimenyooka vilevile.

*

Mambo ambayo barua tatu hazikuyaweza, maiti mmoja aliyaweza kwa siku mbili. Zikaja kokoto, ukaja udongo wa moramu, ikaja na winchi ambayo mtu yeyote angeapa haipo mkoani. Tuta likajazwa, likashindiliwa, na shimo likatoweka pamoja na ushahidi wote. Kisha likaundwa jopo la uchunguzi la watu wanne, mwenyekiti wake mhandisi Herman, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Kikao cha kwanza kilichukua nusu saa, pamoja na chai. Walitaka kujua kwa nini mnyapara hakutoa taarifa.

Jilala akafungua sanduku lake la bati na kutoa nakala tatu. Herman akazitazama mbele na nyuma. Akasema, kwa huruma kabisa, kwamba hazina mhuri wa kupokelewa. Donatus akaeleza kwamba wino wa mhuri uliisha tangu Novemba, na kitu kisichogongwa mhuri kisheria hakijapokelewa, na kitu kisichopokelewa hawezi yeye kukihifadhi, ingekuwa ni kuficha nyaraka. Jopo likaona hoja hiyo ina mashiko. Jilala akapewa wiki tatu kuleta ushahidi mwingine kwamba tuta lilikuwa na kasoro, vinginevyo lawama yote ni yake, na nyumba ya shirika aliyokaa na mkewe Limi itahitajika kwa mnyapara mpya.

Nyumba haikumsumbua sana. Kilichomsumbua kilikuwa kimekaa kwenye benchi karibu na mlango: Mektilda, mjane wa Marselino, kavaa khanga nyeusi na mtoto mgongoni. Alikuja kama mwakilishi wa familia, na kila mara Jilala aliposema neno tuta, aliinua macho na kumwangalia. Hakulia. Alikuwa anamsikiliza kama yeye anavyosikiliza reli.

Jilala alitaka jambo moja tu: mwanamke yule ajue kwamba si yeye aliyemuua mume wake.

*

Zamani, kwenye kozi ya wiki mbili kule Tabora, Jilala aliwahi kuona reli ndogo juu ya meza, na vilima na madaraja yake, ya kufundishia. Mwalimu alisukuma kigari kwa kidole na watu wazima thelathini wakatazama kama watoto. Akaona hiyo ndiyo dawa. Wakubwa hawakutaka kwenda kilomita ya kumi na nne kwa sababu ya tope. Basi kilomita ya kumi na nne itawafuata mezani.

Akaenda Maganzo, kwa Maduhu, dalali wa almasi ambaye waliwahi kuchunga pamoja. Maduhu alikuwa na kila kitu isipokuwa, kwa kawaida, almasi. Nyuma ya nyumba alirundika sponji ngumu nyeupe, yale mabonge mepesi yanayofungiwa mashine zisivunjike safarini. Wachimbaji waliyaokota, wakayakata wakayafanya mito; ukilala juu yake yanalia usiku kucha kama panya. Maduhu akampa kwa jogoo mmoja.

"Unajenga reli ya sponji?" akamuuliza. "Basi itakuwa imara kuliko ile yenu."

Jilala akaanza. Aliipasha spoku ya baiskeli kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akakata nayo sponji vipande vipande, unene wa kidole kimoja. Kipande kirefu chini, kifupi juu yake, kifupi zaidi juu ya hicho, ngazi kwa ngazi, mpaka tuta likapanda mteremko uleule, kwa uwiano uleule aliokuwa akiutembea kila siku. Moshi wa sponji ulinuka vibaya kiasi kwamba Limi alihamishia jiko kwa jirani.

Shida ikawa gundi. Gundi ya seremala haikuwepo mjini. Maseremala wenyewe walikuwa wanauza dagaa. Jilala akapika uji mzito wa muhogo, akapaka, akabandika. Siku ya tatu akasukuma kwa kidole: kipande cha juu kikateleza na kuanguka. Katikati ya sponji na sponji uji ulikuwa bado mbichi, hauna mahali pa kupumulia, na umeanza kuchacha. Alipotoka kwenda kunawa, kuku wawili wakala nusu ya mteremko wa kusini.

Akajaribu utomvu wa minyaa. Ulishika vizuri, ila ulimrukia jicho la kushoto, na kwa siku mbili Jilala aliiona dunia kwa upande mmoja, kama jopo.

"Baba Esta," Limi akamwambia akimwosha jicho kwa maziwa, "mtu ameshazikwa. Huyo Mektilda hatapewa mume wa sponji."

Jilala akajifuta jicho. Akaenda kwa fundi baiskeli, akamsihi mpaka akampa kijitubu cha solusheni ya kuzibia pancha, chini ya meza, kama dawa haramu. Hiyo ndiyo gundi ya kweli, inashika mpira kwa mpira, itashindwa sponji? Akapaka mgongoni mwa tuta, akalaza gazeti juu ya sehemu moja, na kungoja.

Sponji ikaanza kuchemka. Haikupasuka, haikuungua; ilinong'ona tu, ikazama ndani kama uso wa mzee aliyeng'olewa meno. Kazi ya siku kumi ikatoboka mbele ya macho yake, jicho moja na nusu. Akakaa chini. Limi, aliyesimama mlangoni, alidhani sasa atalia, akageuka asimwone.

Lakini Jilala alikuwa anaangalia kitu kingine. Pale aliposhindilia karatasi ya gazeti juu ya tuta, kuigiza udongo, karatasi ilikuwa haijaguswa. Ilibaki imenyooka juu ya shimo. Ukiangalia kwa juu, hakuna kasoro. Akachukua kijiti akagonga karatasi, taratibu, akasikiliza.

Ulikuwa mlio uleule.

*

Alianza upya, na safari hii alijua anachojenga. Uji wa muhogo aliupaka kiduchu, akauacha hewani ukauke nusu mpaka ukawa unanata kidoleni, ndipo akabandika, kisha akapigilia miiba ya mgunga kama misumari. Ukashika. Juu akalaza gazeti lililoloweshwa uji, akapaka udongo mwekundu alioutoa kilomita ya kumi na nne kwa mkono wake. Mataruma yalikuwa njiti za kiberiti, reli zilikuwa spoku, kalavati lilikuwa bua la mtama. Kiberenge alikitengeneza kwa kopo la dawa ya viatu na vizibo vinne vya soda. Kilitembea.

Kilichobaki kilikuwa maji. Solusheni ilikuwa imekwisha, ila mtu wa reli anajua kwamba petroli nayo inaila sponji. Petroli nayo haikuwepo mkoani, isipokuwa mahali pamoja. Kile kiberenge cha Marselino kilikuwa kimevutwa na kutupwa nyuma ya ghala, na kwenye tangi mlikuwa na kikombe kimoja cha petroli kilichokataa kumwagika. Jilala alikinyonya kwa mpira, akatema, akasukutua, na ladha ile haikumtoka mdomoni kwa siku nzima.

Kikao cha pili kilijaa. Habari kwamba mnyapara ameleta reli kwenye trei ilikuwa imefika mpaka sokoni, na wajumbe ambao hawakuwahi kufika mahali popote kwa wakati walikuwa wamekaa saa mbili kamili. Jilala akaiweka trei mezani. Herman, mwenyekiti, akakisukuma kiberenge kwa kidole, kikaenda, akakirudisha, kikaenda tena, na kwa dakika kumi hivi jopo la uchunguzi wa kifo lilikuwa watoto wanne na kopo la dawa ya viatu. Donatus naye akaomba zamu.

Kisha Jilala akawaomba waangalie upande wa juu wa kalavati. Akamimina petroli kwa kijiko, tone kwa tone, chini, pembeni mwa bua la mtama. Hakikuonekana kitu. Sponji ilinong'ona tu. Akawaambia waangalie juu: reli imenyooka, kokoto zimekaa. Akagonga kwa kijiti, mara mbili. Akawaambia wasikilize. Walisikiliza, hata Donatus.

Ndipo akakisukuma kiberenge.

Kilipofika katikati, karatasi ikajikunja, kopo likazama bila sauti, na vizibo viwili vikabaki juu vinazunguka. Reli za spoku zilibaki hewani, zimenyooka.

Mjumbe mmoja akapiga makofi, akakumbuka ni kikao cha nini, akajikohoza. Herman aliinama akachungulia shimoni muda mrefu. Alivutiwa kwa dhati. Akasema hajawahi kuona maelezo yaliyo wazi namna ile, hata chuoni. Kisha akaketi, akachomoa kalamu ya katikati, na kuuliza swali ambalo kazi nzuri ile yote ilikuwa imemtengenezea.

Aliuliza kama Jilala alilijua hili kabla ya ajali.

Jilala akasema ndiyo, aliandika mara tatu.

Herman akamkumbusha kwamba barua hazipo. Barua tuziweke kando. Anachouliza ni ujuzi. Mtu anayeweza kulijenga tuta hili, kulitoboa kwa njia ileile, na kuwaonyesha mlio wake, huyo alijua hatari kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Au hakujua?

Hata mjinga angeuona mtego, na Jilala hakuwa mjinga. Akisema hakujua, barua zake tatu ni uongo na yeye ni mnyapara asiyejua kazi, atapewa karipio na atabaki na nyumba; akisema alijua, kifo ni chake. Donatus alikuwa anamtikisia kichwa kutoka upande wa pili wa meza: kataa, kataa. Ilikuwa mara ya kwanza Donatus kumsaidia mtu bila kuombwa.

Mektilda akasimama. Haikuwa zamu yake, na hakuna aliyempa ruhusa.

"Baba Esta, shikamoo."

"Marahaba, mama Clemens."

"Mimi sijasoma mambo ya reli. Nauliza hivi. Siku ile, kulikuwa na kitu ambacho ungekifanya akasimama?"

Jilala aliangalia trei. Aliona njiti za kiberiti alizozipanga moja moja, kwa wiki tatu, ili amwonyeshe mwanamke huyu maji, na udongo, na barua, na wakubwa, na kila kitu kilichomuua Marselino. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye ile trei. Alikuwa amesahau kitu kimoja.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa turubai, akatoa bendera. Ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Hii," akasema. "Ningeichomeka pale. Nilikuwa nayo mgongoni wakati anawasha injini. Niliogopa kuandikiwa barua."

Mektilda akaitazama bendera, kisha akamtazama yeye, na safari hii hakuangalia kama anayesikiliza. Alikuwa ameshasikia. Akajifunga khanga, akampandisha mtoto mgongoni, akatoka. Hakusema amesamehe wala hajasamehe, na Jilala aliishi miaka mingi baada ya siku ile bila kuambiwa.

Jopo likaandika ripoti ya kurasa kumi na moja, yenye mhuri. Wino ulikuwa umepatikana. Jilala alifukuzwa kwa uzembe wa kutotumia bendera, na ukurasa mzima ulitengwa kwa kosa la kuchukua petroli ya shirika, kikombe kimoja, bila hati. Kalavati halikutajwa.

*

Limi na Jilala walihamia kwa kaka yake Limi, upande wa Kolandoto, wakalima mtama. Julai Saba Jilala alikwenda mjini kwenye maonyesho, kwa sababu kila mtu alikwenda, na kwa sababu alikuwa amesikia.

Trei yake ilikuwa kwenye banda la shirika, imewekewa kamba ya manila na kibao cha maandishi ya rangi: UBUNIFU WA WAFANYAKAZI WETU. Mtu alikuwa ameliziba shimo kwa karatasi mpya, akapaka rangi ya kijani, akapanda na miti ya vijiti. Kiberenge kilikuwa kimerudishwa juu, kinang'aa. Wanafunzi walipita kwa mstari, mwalimu wao akawaeleza kwamba nchi ikiwa na njia nzuri za reli itasonga mbele.

Jilala akainama juu ya kamba. Hakuwa na nyundo, basi akagonga kwa ukucha, kandokando ya kalavati.

Mlinzi wa banda, bwana mmoja mzee mwenye koti la jeshi, akamsogelea kwa upole. "Mzee mwenzangu, hairuhusiwi kugusa."

Jilala akamwambia pale chini hamna kitu. Ni karatasi tupu. Kiberenge kikisukumwa kitazama.

"Basi kuna daftari la maoni pale mlangoni," mlinzi akasema. "Na kalamu ipo. Andika tu, watashughulikia."

Jilala alilitazama daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe. Watoto wa darasa jingine walikuwa wanaingia. Akanyoosha mkono juu ya kamba, akaweka kidole gumba juu ya rangi ya kijani, na akabonyeza mpaka kikapita.

Walinzi wawili walimtoa nje wakiwa wamemshika mabega, mmoja kila upande. Hakubisha. Nyuma yake, watoto walikuwa wamejazana kwenye kamba, wanachungulia shimo.